Nyumba ya Mkate, Wenyewe ni Watoto

Askari wetu waliopata kupelekwa masomoni Ulaya wakati wa Krismasi huenda walikiona kioja hiki katika madirisha ya maduka au mezani kwa wenyeji wao: nyumba ndogo, kimo chake shubiri moja, kuta zake za rangi ya udongo mwekundu, paa lake limefunikwa kitu cheupe mithili ya theluji, na vidirisha vyake vinapitisha mwanga kama vioo vya kanisa. Mgeni hudhani kuwa ni mchezo wa mbao. Akiisogelea hunusa karafuu, mdalasini na asali, ndipo anapotambua ya kuwa nyumba nzima, tangu ukuta hadi bomba la moshi, ni chakula.

Sisi tutaiita nyumba ya mkate wa tangawizi, ijapokuwa si mkate hasa bali ni biskuti ngumu yenye viungo. Huko Ujerumani na katika nchi zilizo kaskazini yake, wazazi huijenga pamoja na watoto wao katika wiki zinazotangulia Krismasi, wakati jua linapotua mapema na baridi inapowafungia watu ndani. Msomaji atauliza: askari na biskuti wapi na wapi? Tunamwomba avumilie. Nyumba hii ina habari za njaa, za vita, na hata za uhalifu uliowashughulisha polisi. Tena ina jambo moja ambalo mtu aliyezoea kutoa amri aghalabu huliona gumu kuliko gwaride.

WARINA ASALI WENYE SILAHA

Mji unaosifika zaidi kwa mkate huu ni Nuremberg, ulioko kusini mwa Ujerumani. Sifa hiyo haikutokana na siri ya mpishi yeyote, bali na mahali mji ulipo. Nuremberg ilikuwa njia panda ya biashara, na wafanyabiashara wake walileta viungo kutoka Venice, bandari ya Italia iliyopokea shehena za Mashariki. Kandokando ya mji palikuwa na msitu mkubwa wa dola uliojaa nyuki, hata ukaitwa bustani ya nyuki ya Kaisari. Viungo vikatoka mbali, asali ikatoka karibu, na waokaji wakavikutanisha.

Warina asali wa msitu ule hawakuwa watu wa kubezwa. Mwaka 1350 Mfalme Karl IV, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Kaisari, aliwapa hati ya kuthibitisha haki zao. Walikuwa na baraza lao la kuamua kesi, waliruhusiwa kuchukua pinde zenye kifyatulio, na kwa kuzilipia haki hizo walitakiwa kumtumikia mfalme kwa silaha zao. Wasomaji wetu watamtambua hapa askari wa akiba wa zamani: mkono mmoja umeshika moshi wa kufukuzia nyuki, na mkono wa pili umeshika upinde.

Mwaka 1643 mafundi wa mkate huu walipata chama chao wenyewe, mbali na waokaji wa mikate ya kawaida. Tangu mwaka 1996 sheria ya Umoja wa Ulaya inalilinda jina la mkate wa Nuremberg, hata asiruhusiwe kulitumia mtu anayeoka nje ya mji huo. Lakini kisa kinachopendwa kuliko vyote ni cha miaka ya 1480. Husimuliwa kwamba Kaisari Friedrich III, alipokuwa Nuremberg, aliwaita watoto wa mji wapatao 4,000 akawagawia mikate midogo iliyopigwa chapa ya sura yake. Sura ya mkuu wa dola juu ya mkate! Watoto wakamng'ata Kaisari kichwa, wala hakushtakiwa hata mmoja.

Zamani Wajerumani wengi waliuita mkate wa pilipili, kwa kuwa neno pilipili lilitumika kwa kila kiungo kilichotoka ng'ambo. Miongoni mwa viungo hivyo kimoja kinatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, lakini mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ililetwa Unguja na Pemba. Chini ya Sultani Seyyid Said mashamba yakaenea, na ilipofika katikati ya karne visiwa hivyo vilikuwa vikiuza karafuu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 1859 miji ya biashara ya Ujerumani ya kaskazini, Hamburg ikiwa mojawapo, ilitiliana mkataba na Sultani wa Zanzibar. Waliopanda na kuchuma karafuu hizo kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa, wengi wao waliotekwa huku bara, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Harufu ile tamu ya Krismasi ya Ulaya ilipitia katika mikono ya watu ambao hawakuwa huru.

Sukari nayo ina kisa chake. Kwa karne nyingi ilikuwa ghali, ikitoka katika miwa ya ng'ambo, na ndiyo sababu mkate wa kale ulikolezwa asali. Mwaka 1747 mwanakemia wa Berlin, Andreas Marggraf, aligundua ya kuwa kuna sukari ya namna ile ile ndani ya viazisukari vinavyoota katika baridi ya Ulaya. Mwanafunzi wake, Franz Achard, alianzisha kiwanda huko Silesia mwaka 1801. Kadiri viwanda vilivyoongezeka katika karne ile, sukari ilishuka bei hata ikafika jikoni mwa mtu wa kawaida. Bila ya sukari rahisi, theluji ya kumwaga juu ya paa la biskuti isingewezekana ila kwa matajiri.

HADITHI ILIYOTOKANA NA NJAA

Mwaka 1812 ndugu wawili wasomi, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha kitabu cha hadithi za nyumbani walizozikusanya. Mojawapo ni ya Hänsel na Gretel, mtu na dada yake, na hiyo ndiyo iliyoifanya nyumba hii ijulikane duniani.

Wengi hudhani kuwa ni hadithi ya utamu. Sivyo. Inaanza kwa njaa kuu. Mkata kuni maskini na mkewe wamefikia mahali ambapo mkate uliobaki hauwatoshi watu wanne, na mke anatoa shauri kwamba watoto wapelekwe ndani ya msitu na kuachwa huko. Baba anasita, kisha anakubali. Katika chapa ya kwanza mwenye shauri hilo ni mama mzazi. Katika chapa za baadaye ndugu Grimm walimgeuza akawa mama wa kambo, bila shaka kwa kuwa wasomaji hawakuweza kuyastahimili ya kwanza. Watoto wanapotea, na baada ya kutangatanga kwa siku kadhaa wanaiona nyumba ya mkate, paa lake la keki na madirisha yake ya sukari. Wanaanza kuila. Mwenye nyumba ni mchawi anayewanenepesha watoto ili awapike. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga. Hili halikuwajua kabisa. Gretel anamsukuma yule mchawi ndani ya tanuri lake mwenyewe, na watoto wanarudi kwao salama.

Baadhi ya wachunguzi huona katika hadithi hii kumbukumbu ya njaa kuu ya miaka 1315 hadi 1317, ambapo mvua za Ulaya ya kaskazini zilinyesha bila kukatika, nafaka ikaoza mashambani, na watu wakafa kwa wingi. Iwe ni njaa ile au nyingine, jambo moja li wazi: mtoto aliyeshiba haoti ukuta wa mkate. Wasomaji wetu wengi wamewahi kulinda kambi za wakimbizi au kusindikiza magari ya chakula, nao wanajua jinsi mtoto mwenye njaa anavyolitazama gunia la unga. Nyumba ya hadithi ile ilijengwa na macho ya namna hiyo.

Katika maandishi ya Grimm nyumba haikuwa ya tangawizi. Ilikuwa ya mkate tu. Waliokuja baadaye ndio walioitia viungo, na aliyeshiriki sana kuieneza ni mtunzi wa muziki Engelbert Humperdinck. Mwaka 1890 dada yake, Adelheid Wette, alimwomba amtungie nyimbo chache za mchezo ambao watoto wake wangeucheza nyumbani. Nyimbo zile chache zikakua mpaka zikawa opera nzima, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika mji wa Weimar tarehe 23 Desemba 1893, mwongoza muziki akiwa Richard Strauss. Humo uzio wa nyumba ya mchawi ni watoto aliowaloga wakageuka mikate ya tangawizi, na mwisho wa mchezo wanafunguliwa wote. Mpaka leo opera hiyo huchezwa Ujerumani kila inapokaribia Krismasi, na Wajerumani wengi huiita nyumba ya biskuti kwa jina la nyumba ya mchawi.

Basi mzazi wa Kijerumani anapokaa na wanawe kuijenga nyumba ile, anafanya jambo lisilo dogo, ingawa huenda halifikirii. Hadithi ilisema wazazi waliwatupa watoto kwa kukosa mkate. Mezani pake wazazi wanaketi pamoja na watoto, na mkate umezidi hata unatumika kama matofali.

Haikuwa hivyo kila mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 mkate huu ulitiwa katika vifurushi vilivyopelekwa kwa askari walioko mstari wa mbele, lakini majira ya baridi ya 1916 na 1917 yalipofika, raia wa Ujerumani walikuwa wakila mizizi ambayo kabla yake ilikuwa chakula cha mifugo. Nuremberg yenyewe, iliyokuwa uwanja wa mikutano mikuu ya chama cha Hitler, ilipigwa mabomu na ndege za Uingereza usiku wa tarehe 2 Januari 1945, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikawa kifusi. Ndiko vilevile walikohukumiwa viongozi wa utawala ule, kesi ikianza Novemba 1945. Soko la Krismasi la mji, ambalo lilisimama wakati wa vita, lilifunguliwa tena mwaka 1948, vibanda vikiwekwa katikati ya magofu. Watoto waliozaliwa katika vita walinunuliwa mkate wa viungo mahali ambapo nyumba za kweli zilikuwa hazijajengwa.

UJENZI

Tuingie sasa katika kazi. Mjenzi mwangalifu huanza na karatasi. Kwa nyumba ndogo kata violezo vitatu. Cha ukuta wa ubavuni kiwe na urefu wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10. Cha ukuta wa mbele na nyuma kiwe na upana wa sentimita 12, kimo cha sentimita 10 mpaka paa linapoanzia, kisha pembetatu ya sentimita 8 juu yake. Cha paa kiwe na urefu wa sentimita 18 na upana wa sentimita 12. Fundi wa kikosi cha uhandisi atatambua mara moja kwamba nusu ya upana ni 6, kimo cha pembetatu ni 8, kwa hiyo mteremko wa paa ni 10 kamili, na sentimita mbili zinazobaki ni za kutokeza nje ya ukuta. Kila kiolezo hutumika mara mbili.

Kwa unga, pasha moto polepole robo kilo ya asali, gramu 125 za sukari na gramu 75 za siagi mpaka viyeyuke, kisha acha vipoe. Katika nusu kilo ya unga wa ngano changanya kijiko cha chakula cha tangawizi iliyosagwa, vijiko viwili vya chai vya mdalasini, nusu kijiko cha chai cha karafuu, iliki na kungumanga kidogo, na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda. Usizidishe magadi, maana ukuta utafura na vipimo vyote vitaharibika. Ongeza yai moja na ile asali, ukande, ufunike, ulaze usiku mmoja mahali penye ubaridi. Asubuhi donge litakuwa limekaza, na kama bado lashika mikono liongezee unga. Lisukume kama chapati, lakini nene kiasi cha nusu sentimita, kisha weka violezo juu na ukate kwa kisu.

Katika tanuri la moto wa digrii 180 kuta huiva kwa dakika 12 hadi 15. Asiye na tanuri anajua la kufanya: sufuria pana yenye mchanga, sinia juu ya mchanga, na mfuniko uliopaliwa makaa. Kazi itakwenda polepole, ukuta mmoja baada ya mwingine, na pua ndiyo saa. Ukuta ukitoka motoni uwekee kiolezo upya uchonge kingo zilizotanuka, haraka, kwa maana ukipoa huvunjika badala ya kukatika. Anayetaka vioo vya madirisha huponda peremende za rangi na kuzimimina katika tundu la dirisha dakika chache kabla ukuta haujaiva. Huyeyuka na kuwa kioo. Kazi hiyo ni ya mtu mzima peke yake, kwani sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya kuliko maji ya moto na haitoki ngozini.

Saruji ya nyumba ni ute mweupe wa yai moja jipya, uliopigwa pamoja na gramu 200 au zaidi za sukari ya unga na matone machache ya ndimu, mpaka uwe mzito wa kusimama wenyewe. Bakuli lifunikwe kitambaa chenye unyevu, la sivyo hukauka kabla ya kazi. Saruji hii hutiwa katika mfuko wa karatasi uliokatwa ncha, ikakamuliwa kwenye kingo za kuta, na kuta zikasimamishwa juu ya ubao zikiegemezwa vikombe.

Hapo ndipo wengi huharibu. Kuta zikishasimama, kila mtu hutaka kuliona paa. Paa likiwekwa mapema, uzito wake husukuma kuta nje na nyumba hulala chali mbele ya watoto. Kuta zapaswa kuachwa kwa saa kadhaa, afadhali usiku kucha. Paa nalo hutelezea chini, kwa hiyo huwekewa makopo ya kulizuia mpaka likamate. Katika mambo yote tuliyoyaeleza hili ndilo linalomfunza mtoto zaidi, yaani kulala akiwa na nyumba isiyo na paa na kuamka akaikuta ingali imesimama.

AFANDE HANA CHEO HAPA

Kupamba ni kwa watoto. Mtu mzima ameshapima, amekata, ameoka na amesimamisha. Ametimiza zamu yake. Sukari iliyobaki, peremende, njugu, zabibu kavu na chochote kilichopatikana dukani huwekwa mbele yao, nao waamue.

Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu tunawajua wasomaji wetu. Baba aliyezoea kukagua vitanda vilivyotandikwa kwa mstari na viatu vinavyong'aa haoni raha mlango ukipinda. Mkono wake utatoka wenyewe kwenda kuunyoosha. Tunamwomba auzuie. Mtoto wa miaka mitano akiweka njugu zote upande mmoja wa paa, ana sababu yake, nayo si kazi ya mkaguzi. Akila peremende moja kwa kila mbili anazobandika, hiyo ni posho ya mjenzi, na haikatwi. Mtoto aliyenyooshewa kila kitu hujikuta mwisho akiitazama nyumba ya baba, na hugundua hilo upesi kuliko baba anavyodhani.

Tena mtoto wa askari ana haja ya jambo hili kuliko wengine. Nyumba anayolala ni ya serikali. Baba au mama akipata uhamisho, anaondoka na godoro, masanduku na kuku, akiacha alama za penseli za kimo chake juu ya mlango wa watu wengine. Hata rangi ya ukuta hakuichagua yeye. Kwa siku kadhaa kuwa na nyumba ambayo yeye ndiye aliyeamua dirisha lake liwe la rangi gani si mchezo mdogo.

Kinachobaki kwa mtu mzima ni ulinzi, na huo anaujua. Ulaya adui ni unyevu: biskuti hunyonya maji ya hewani, kuta zikalegea, na paa likabonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Huku kwetu kuna unyevu, na pia kuna sisimizi. Meza iwekwe miguu yake ndani ya makopo ya maji, mbali na ukuta na pazia. Panya hatuna haja ya kumtaja.

USIKU MMOJA HUKO BERGEN

Bergen ni mji wa bandari katika pwani ya magharibi ya Norwe, maarufu kwa mvua. Tangu mwaka 1991 wakazi wake hujenga kila mwaka mji mzima wa biskuti za viungo, na wenyeji hujigamba kuwa hakuna mkubwa kuliko huo duniani. Shule za watoto wadogo, shule za msingi, kampuni na familia huleta kila mmoja alichokioka: nyumba, makanisa, meli, magari ya moshi. Vyote hupangwa pamoja na kutiwa taa ndogo, na watu huja kutazama kuanzia Novemba mpaka mwaka unapokwisha.

Usiku mmoja wa Novemba 2009 mji huo ulivunjwa. Nyumba zilizookwa na watoto zilikutwa zimekanyagwa na kusambaratishwa. Polisi waliitwa, habari zikaenea nje ya Norwe, na watoto wa Bergen wakaambiwa kilichotokea.

Kwa karatasi za kituo cha polisi hiyo ni kesi ya kuharibu mali. Lakini ofisa anayejaza fomu angeandika nini mahali pa thamani? Unga, sukari na peremende za nyumba moja hazifikii bei ya kioo cha taa ya gari. Tunadhani ofisa mwenye watoto angeinua kalamu kidogo kabla ya kuandika. Wakazi wa Bergen, kwa upande wao, hawakungojea tathmini. Walirudi jikoni wakaoka upya, na mji wa biskuti ukasimama tena kwa Krismasi ya mwaka ule ule.

Yafaa kuilinganisha habari hiyo na desturi ya jirani zao wa Uswidi. Huko sikukuu za Krismasi humalizika tarehe 13 Januari. Siku hiyo watoto hualikana, mti wa Krismasi huvuliwa mapambo yake na kutolewa nje, na nyumba ya biskuti huvunjwavunjwa na kuliwa. Waswidi huiita sherehe hiyo kwa neno lenye maana ya kupora, neno la vita kabisa, nao hulitamka wakicheka. Ngumi inayoshuka juu ya paa katika nyumba ya Mswidi na mguu uliokanyaga usiku Bergen vyote huacha makombo yale yale. Tofauti ni kwamba Uswidi wanaovunja ni wenyewe, baada ya kuilinda nyumba yao kwa wiki nzima na zaidi bila kuigusa, na siku yenyewe ilikuwa inajulikana.

Anayejenga na watoto wake na awaambie mapema siku ya kuvunja. Bila ya tarehe, nyumba hukaa juu ya kabati ikishika vumbi mpaka haifai kuliwa, au huliwa kwa siri usiku, bomba la moshi likitangulia. Siku ikifika, watoto wavunje wenyewe. Wengine hukataa, na wengine hulia kidogo kisha wakala paa. Vipande vilivyokauka mno huwekwa katika bati lenye mfuniko pamoja na kipande cha tofaa, na baada ya siku moja au mbili hulainika. Peremende za madirishani huwa zimeshika unyevu na kunata, lakini hatujasikia kwamba mtoto yeyote alizikataa. Ubao uliobaki ulowekwe katika maji ya moto, kwa kuwa saruji ile ya sukari haibanduki kwa kisu, kisha uanikwe na kuwekwa pamoja na vile violezo vya karatasi mpaka Desemba nyingine, hata kama Desemba hiyo itawakuta katika kambi ya wilaya tofauti.